Mbavu za Bwana Harusi

Sehemu ya Sita

Wiki jana niliwaacha jikoni kwangu, mlango uko wazi na mwanamume mwenye jicho moja kasimama kizingitini.

Kama hukuwa nasi, jua haya machache. Mimi ni Thora, mke wa Erlend Drever, mfuga ng'ombe wa visiwa vya Orkney, juu kabisa ya Skotlandi. Siku hiyo ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka kumi. Aliyesimama mlangoni ni Lowrie Heddle, aliyekuwa mpambe wa mume wangu. Jicho lake la kushoto lilipotea siku ya harusi yetu, na aliyelitoa ni mume wangu.

Miaka kumi Lowrie hakukanyaga kisiwani. Wiki hiyo alikuja kumzika mama yake.

"Mnanikaribisha, au nijikaribishe?" akauliza.

Mezani tulikuwa wanne: mimi, Erlend, mama mkwe wangu Merran, na kaka yangu Harald. Katikati yetu kulikuwa na keki, na pembeni ya keki picha ya harusi ambayo Merran huitoa kabatini kila mwaka, tutake tusitake.

Merran ndiye aliyefungua mdomo.

"Ingia ufunge mlango, Lowrie, upepo unaingia. Pole sana kwa mama. Kaa. Utakula keki?"

"Mama!" Erlend akasema.

"Mama nini? Mtu kafiwa."

Lowrie akakaa. Akavua kofia, akaiweka gotini. Uso wake ulikuwa umekomaa kwa chumvi na baridi. Miaka yote ile alikuwa akivua samaki kwenye meli za watu huko Shetland. Mikono yake ilikuwa minene kama ya watu wawili.

"Sikai sana. Meli yangu inaondoka saa kumi na mbili," akasema. "Nina swali moja. Nikijibiwa naondoka, na hamtaniona tena."

"Uliza," Harald akadakia. Alidakia haraka mno.

"Sikuulizi wewe."

Lowrie akaivuta ile picha karibu, akaitazama kwa jicho lake moja. Mimi naweza kuisimulia picha hiyo nikiwa nimefumba macho. Bi harusi anacheka. Bwana harusi kasimama upande, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, jicho moja limevimba mpaka limefunga. Chini ya suti ya kijivu kuna mbavu tatu zilizovunjika.

Watu wakiiona hucheka, wakidhani ni ule mchezo wetu wa kumpaka bwana harusi masizi. "Walimpaka masizi kweli kweli huyu!" husema.

Nami hucheka nao. Miaka kumi nimecheka nao.

Leo siwezi. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Harusi yetu ilikuwa harusi ya watu wasio na kitu. Mwaka ule ng'ombe waliugua, tukauza waliobaki kwa bei ya kutupa. Watu wakatushauri tuahirishe. Erlend akakataa.

"Thora, tukisubiri pesa tutaoana na meno ya bandia," akaniambia. "Tuoane hivi hivi."

Nikacheka, nikakubali. Gauni nililipata duka la mitumba mjini, pauni ishirini na tano, lina doa la divai kiunoni. Nikalifunika kwa utepe. Pete ilikuwa ya bibi yake Erlend. Ukumbi wa kijiji tulipewa bure, kwa sharti la kuudeki wenyewe. Viti tuliazima shuleni. Merran alioka keki ya ghorofa tatu, ya katikati ikabonyea, akaiziba kwa sukari. Kila mgeni alikuja na chupa yake na sahani yake. Muziki ulikuwa akodiani ya Harald, na Harald anajua nyimbo sita.

Mimi sikuona aibu hata chembe. Aliyeona aibu ni Erlend, na aibu hiyo ndiyo iliyotuponza.

Hakuwa na suti.

Hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba Jumatano mbili kabla ya harusi, Erlend alipotea jioni. Nilipomuuliza alisema, "Nilikuwa zizini." Zizini nilikwenda. Walikuwepo ng'ombe tu.

Jumatano ya tatu, siku tatu kabla ya harusi, Harald akaja kwangu anahema.

"Dada, kaa chini."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Nimepita dirishani kwa Inga Rendall. Erlend yumo ndani."

"Basi? Kapeleka mayai."

"Thora. Hana suruali."

Inga alikuwa mjane wa miaka thelathini na tano, mwenye midomo myekundu hata siku ya kusafisha mabanda. Wanaume wote wa kijiji walipungua mwendo wakipita kwake.

"Umeona vizuri?" nikamuuliza.

"Nimeona mapaja yake yote mawili, na Inga kapiga magoti mbele yake. Ulitaka nikae nione na mwisho?"

Sikulia. Harald akakunja ngumi.

"Niende nikamvunje?"

"Hapana," nikasema. "Ijumaa si mnampaka masizi?"

"Ijumaa saa tisa."

"Niletee ovaroli yako ya zamani."

Harald alinitazama, akaelewa, na hakusema hapana. Hilo halisahau mpaka leo, na mimi simsahaulishi.

Kwetu mwanamume haoi mpaka wenzake wamkamate. Humvua shati, humpaka masizi na molasi ya ng'ombe, hummwagia unga na manyoya ya kuku, humpakia nyuma ya pikapu na kumzungusha kijijini huku wakigonga bodi kwa fimbo na kuimba matusi. Mwishoni hufungwa kwenye nguzo ya taa. Ni mchezo. Kila mume unayemwona kanisani amepitia hapo.

Ijumaa ile walikuwa wanaume kumi na mmoja, nyuso zote nyeusi tii. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili. Kofia ya sufi nimeivuta mpaka kwenye nyusi, masizi usoni, ovaroli ya kaka yangu mwilini. Hakuna aliyehesabu.

Walimkamata Erlend ghalani. Alipigana, akacheka, akapigana tena. Lowrie akamdaka miguu, akaikumbatia.

"Tulia, bwana harusi! Leo unaoga bure!"

Wakammwagia molasi kichwani. Ikamshuka machoni, akashindwa kuyafungua. Wakambeba mzima mzima hadi kwenye pikapu. Lowrie hakumwachia miguu. Alimkalia magotini njia nzima, anacheka mpaka anakohoa.

Pikapu ikaondoka. Kelele zikaanza. Kila mtu ana fimbo, kila mtu anagonga bati. Harald akanipa mpini wa koleo.

Nilipiga bodi mara tatu nne kama wenzangu. Kisha nikampiga Erlend.

Pigo la kwanza lilimpata mbavuni, akadhani ni utani. "Oya, taratibu!" akasema, bado anacheka.

La pili nilishika mpini kwa mikono miwili. Nilisikia kitu kikikatika. Nilikisikia kwanza viganjani, ndipo masikioni. Kicheko nacho kikamkatika.

"Nani huyo? Nani?"

La tatu lilimpata mkononi, maana aliuinua kujikinga. La nne usoni. Damu ikachuruzika ndani ya molasi, huwezi kujua kipi ni kipi. Wenzetu walikuwa wanaimba wakitazama barabarani, watoto wa shule wanawapungia. Lowrie kainama juu ya miguu, anatukana kwa furaha.

Harald peke yake ndiye aliyekuwa anaona. Akanidaka mkono.

"Inatosha! Utamuua!" akaninong'oneza.

Sikuwa nimetosheka. Nawaambieni kweli tupu. Nilitaka moja zaidi, na kama Harald asingeninyang'anya ule mpini ningelipata.

Kwenye kona ya kinu cha zamani pikapu ilipunguza mwendo, nikaruka. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikanawa uso kwa sabuni ya vyombo. Kisha nikala. Nilikula viazi na nyama ya ng'ombe sahani mbili.

Jumamosi saa mbili asubuhi mlango ukagongwa. Inga Rendall, na midomo yake, na suti ya kijivu mkononi.

"Thora, mpelekee mumeo," akasema. "Aliniapisha nisikuonyeshe kabla, lakini nasikia jana wamemuumiza, hawezi kuja kuichukua."

"Suti gani?"

"Ya marehemu babu yake. Nimekesha nayo. Babu alikuwa twiga, Erlend ana miguu mifupi, kila Jumatano namvua suruali nampima upya. Anaona haya huyo! Anatazama dari kama yuko kwa daktari. Nimemchoma pini mara mbili akaomba yeye samahani."

Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

"Alisema anataka siku moja tu asionekane maskini ukimtazama," Inga akaendelea. "Mbona umekuwa hivyo? Kaa chini, mama. Ni wasiwasi wa harusi tu."

Nikaipokea suti. Alipoondoka nikaibana usoni, nikapiga kelele ndani yake.

Saa sita mchana Erlend alikuja kanisani kwa miguu yake, anatembea kama mzee wa miaka tisini. Daktari alimwambia alale. Hakulala.

"Umependeza," akaniambia. Kila neno lilimgharimu pumzi.

"Nani kakufanyia hivi?" nikamuuliza.

Ndiyo. Nilimuuliza. Mbele ya mchungaji, kwa mdomo huu huu.

"Namjua," akasema. "Leo si siku yake."

Akamtazama Lowrie, aliyekuwa kashika pete.

Tukaoana. Tukaenda ukumbini. Watu wakala, Harald akapiga nyimbo zake sita, akazirudia. Ikafika zamu ya kogi. Kogi ni chombo cha mbao kama ndoo ndogo, kina mikono mitatu ya mbao inayosimama juu kama pembe, hujazwa pombe ya moto yenye sukari na pilipili manga. Maharusi hunywa kwanza, kisha wageni wote. Ile ya kwetu iliazimwa pia.

Mpambe ndiye anayeileta. Lowrie akaja nayo, kalewa kidogo, anatabasamu vibaya.

"Kunywa, ndugu yangu. Ikupoze mbavu."

Angesema neno lolote lingine, sijui, labda tungezeeka salama.

Erlend akaipokea kwa mkono wake mzima. Hakunywa. Alimpiga nayo Lowrie usoni, pombe ya moto na mbao kwa pamoja. Mkono mmoja wa kogi ukaingia jichoni.

Lowrie hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeshtukizwa. Erlend akampiga tena, na alipoanguka akamfuata chini, mbavu zake mwenyewe zikilia. Akodiani ikavuta sauti moja ndefu ikanyamaza. Ilibidi wanaume watano wamtoe. Damu ilinirukia kuanzia kifuani hadi kwenye viatu, na viatu vilikuwa vya Merran.

Askari alipokwenda hospitali, Lowrie alimwambia, "Nilianguka na kogi mkononi. Nilikuwa nimelewa." Ukumbi mzima uliona. Ukumbi mzima ukasema aliyosema Lowrie. Erlend naye akatia sahihi karatasi ya polisi kwamba hakumgusa mtu.

Siku kumi baadaye Lowrie akapanda meli.

"Alinivunja mbavu kwa sababu alikutaka wewe," Erlend aliniambia tukiwa kitandani. "Nilimsikia anacheka pembeni yangu. Kila mtu anajua alikuwa anakutaka."

Nikazima taa. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa miaka kumi.

Sasa turudi jikoni. Lowrie karudisha picha mezani. Kaitazama sura ya Erlend.

"Swali langu ni hili," akasema. "Nani alikwambia habari ya barua?"

Erlend akakunja uso. "Barua gani?"

"Usinifanyie hivyo. Mama yangu nimemzika juzi, sina nguvu ya michezo. Barua niliyomwandikia Thora wiki ya harusi. Ndiyo uliyonitolea jicho."

Uma wa Merran ukaanguka kwenye sahani.

"Sijui barua yoyote," Erlend akasema polepole. "Nilikupiga kwa sababu ulinivunja mbavu. Macho yangu yakiwa yamefungwa na molasi, ukanipiga kama mwoga. Kumbe kuna na barua?"

"Mbavu?"

"Ulimwandikia nini mke wangu?"

"Alikuwa hajawa mke wako!"

Erlend aliruka juu ya meza. Keki, picha, birika, vyote vikaenda naye. Kiti cha Lowrie kikaanguka kinyumenyume na wote wawili wakatua sakafuni. Erlend akampiga mdomoni, nikaona jino likiteleza hadi chini ya kabati. Lakini huyu hakuwa Lowrie wa miaka kumi iliyopita. Alimshika Erlend kola, akambamiza na mguu wa meza, mara moja, mara mbili, akamgeuza na kumkalia tumboni.

"Mtoeni mbwa wangu kwanza kisha muendelee!" Merran akapiga kelele, maana mbwa alikuwa amebanwa chini yao. Akachukua jagi la maziwa akawamwagia wote. Halikusaidia.

Lowrie akamfunga Erlend koo kwa kiwiko. Maziwa na damu vinamtiririka kidevuni.

"Nisikilize, mpumbavu wewe! Mbavu zako sijawahi kuzigusa! Nilikushika miguu! Kuanzia ghalani hadi kwenye nguzo, nilikuwa nimekukalia miguu! Mtu anakukaliaje magotini akakupiga mpini mbavuni? Nina mikono mingapi?"

Erlend akaacha kupigana.

Nilimwona anakumbuka. Nilimwona usoni akiyapanga upya, magoti yake, uzito juu yake, kicheko upande ule, pigo upande huu. Miaka kumi hakuwahi kuyapanga.

"Basi nani?" akauliza.

"Thora, nyamaza," Harald akasema.

Sikuwa nimesema kitu bado. Kaka yangu alinisaliti kwa kunilinda. Macho yote yakanigeukia.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" Merran akauliza.

"Nilikuwa kwenye pikapu. Ovaroli ya Harald. Harald alinipa mpini. Aliniambia kakuona kwa Inga bila suruali, Erlend. Nikakupiga mara nne. Inga alileta suti asubuhi yake, nikajua, na sikusema."

Lowrie alimtoa kiwiko shingoni, akajisogeza pembeni. Erlend akainuka. Nilidhani ananijia mimi, nikasimama wima, sikukimbia.

Akanipita.

Alimpata Harald anashika kitasa cha mlango. Akamrudisha kwa nywele. Ngumi ya kwanza ilimpasua nyusi, ya pili ikampeleka kwenye jiko. Harald akatanua mkono kujishika, na mkono ukatua juu ya bamba la moto. Jiko lile halizimwi, kiangazi na kipupwe. Mlio alioutoa kaka yangu bado unaniamsha. Erlend akaushika ule mkono asiutoe.

"Miaka kumi unakula kwangu!" anamwambia. "Miaka kumi unaitwa shemeji!"

"Niliona! Niliona suruali haipo! Ningejuaje!"

Ni Lowrie aliyemtoa. Lowrie mwenye jicho moja, mdomo umechanika, alimkumbatia Erlend kwa nyuma akamvuta mpaka ukutani, akamshikilia kama mtu anayemshika ng'ombe aliyeparamia ua.

"Basi. Basi, ndugu yangu. Basi."

Merran akaufungulia mkono wa Harald maji ya bomba. Harufu ya nyama iliyoungua ilijaa jikoni, imechanganyika na ya keki. Harald analia bila sauti.

Erlend akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Kwa ajili ya suruali," akasema.

"Kwa ajili ya suruali."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Swali hilo najiuliza hata sasa ninapoandika.

Erlend akageuka ndani ya mikono ya Lowrie, wakawa uso kwa uso. Akainua kidole, akakigusa kitambaa cheusi kilichofunika shimo la jicho.

"Nilikutoa jicho bure."

"Si bure," Lowrie akasema. "Nilidhani nalistahili. Ndiyo maana nilimwambia askari nimeanguka."

"Ulistahili kwa barua? Kijana kaandika barua, tena kabla msichana hajaolewa. Hilo si la kutolewa jicho, Lowrie. Ningekupiga kofi, ungeninunulia pombe, yakaisha."

Lowrie akanitazama mimi, na mimi nikatikisa kichwa. Nilitikisa kichwa, Erlend akaona.

"Kuna nini?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe. Miaka kumi yeye nimemuuliza mengi."

Lowrie akatoa pochi ndani ya koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo.

"Si barua yangu," akasema. "Ni jibu."

Nanyi wasomaji wangu, hapa nawaomba radhi. Wiki sita nawasimulia na hili nililiruka. Nililiruka kwa makusudi, nikitumaini Lowrie kaitupa baharini.

Erlend akaikunjua. Akaisoma kwa sauti, neno moja moja, kama anavyosoma maelezo ya dawa za ng'ombe.

"'Lowrie. Nimekubali. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa gatini, na begi moja. Usimwambie mtu. Thora.'"

"Niliipata Alhamisi," Lowrie akasema. "Jumamosi nilikaa gatini mpaka saa tano na nusu, meli ikaondoka. Kisha nikaja kanisani kuwa mpambe wako, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Uliponipiga nikasema sawa. Nikajua Thora kakwambia."

"Ee Mungu," Merran akasema, na akakaa kwenye kiti kilicholowa maziwa.

Mnaniuliza kwa nini nilimpiga mtu niliyekuwa namwacha kesho yake. Nilitaka nimwachie kitu. Inga angechelewa na ile suti kwa saa mbili tu, ningekuwa mke wa mtu mwingine katika nchi nyingine, nikiamini mpaka kufa kwamba Erlend Drever ni malaya.

Nilimngoja apige kelele. Hakupiga. Aliikunja karatasi vile vile mara nne akamrudishia Lowrie. Akanawa damu mikononi. Akachukua koti langu msumarini, akanitupia.

"Vaa."

"Tunakwenda wapi?"

"Lowrie, chukua kofia yako. Ingia garini."

"Erlend, mwanangu," Merran akaanza.

"Mfunge mkono huyo, mama. Akishafungwa aondoke nyumbani kwangu."

Tulikaa watatu mbele ya pikapu, mimi katikati. Mabega yao yote mawili yalikuwa yamelowa maziwa na damu, yananibana huku na huku. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, jua liko juu bado kama kawaida ya kiangazi chetu, ng'ombe wetu wanatutazama tukipita.

Chini ya kilima njia yetu inagawanyika. Ukienda kushoto unafika gatini. Ukienda kulia unafika mjini, kwenye kituo cha polisi, ambako karatasi aliyotia sahihi Erlend bado ipo kabatini.

Erlend akasimamisha gari pale pale penye panda. Akazima injini.

"Kushoto ni kwenye meli yangu," Lowrie akasema taratibu.

"Njia za kisiwa hiki nazijua."

Akateremka. Akazunguka mbele ya gari, kashika ubavu wake wa kushoto kama anavyoushika siku za baridi. Akafungua mlango wa Lowrie, akamwambia asogee. Lowrie akasogea, nami nikasukumwa hadi nyuma ya usukani.

Erlend akakaa, akafunga mlango.

"Erlend, sikuelewi," nikasema.

"Ijumaa ile uliamua peke yako. Jumamosi ukaamua tena peke yako. Mimi nimejua leo." Hakunitazama. "Kushoto, unakwenda naye, sitawafuata. Kulia, tunakwenda wote kwa askari, mimi nieleze jicho, wewe ueleze mbavu, watufanye watakavyo. Ukitaka kurudi nyumbani, geuza. Lakini ukigeuza, usiniulize usiku huu nitalala nikikuwazia nini."

"Na mimi siulizwi?" Lowrie akasema.

"Wewe uliuliza miaka kumi iliyopita. Naye akasema ndiyo."

Nilimsikia Lowrie anapumua kwa mdomo, pale jino lilipotoka. Kutoka gatini meli ikapiga honi ya kwanza.

Nikawasha gari. Lowrie akaangalia saa yake. Erlend akafumba macho yote mawili na kuegemeza kichwa kwenye kioo.

Nikakanyaga klachi, nikaweka gia, nikazungusha usukani. Upande gani, nitawaambia wiki ijayo.